Maswali ya kila siku kuhusu mawakili, TLS na wapi pa kulalamika (Arusha na Moshi)

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Arusha, sio wakili, naomba hilo lieleweke mapema. Maswali haya nakutana nayo kila mara, mengine kwa simu, mengine mtu anakukamata tu Kilombero sokoni umeshika nyanya anaanza "samahani dada, hivi wakili akila hela yako unaenda wapi". Nimeyaweka yote hapa ili nikiulizwa nitume linki. Mengine nimejibu kwa kirefu kwasababu ndio yanaumiza watu, mengine nimepita haraka.

TLS ni kitu gani, ni ofisi ya serikali?

Hapana, sio idara ya serikali. TLS ni Chama cha Mawakili Tanganyika, kimekuwepo tangu 1954 kabla hata ya uhuru, na kimeundwa kwa sheria yake chenyewe, ndio maana jina la Tanganyika limebaki mpaka leo. Wanachama ni mawakili wa Tanzania Bara, na kwa wakili wa kujitegemea sio suala la kupenda au kutopenda, uanachama unaendana na leseni. Zanzibar wana chama chao wenyewe.

Wanachagua rais wao na baraza la uongozi, na uchaguzi wao huwa moto kweli, wa 2017 ulifanyika hapahapa Arusha akachaguliwa Tundu Lissu, watu mpaka wauza kahawa walikuwa wanaufuatilia. Chini wana matawi, Arusha lipo na Kilimanjaro lipo. Viongozi wa tawi ni mawakili unaowaona kila siku mahakamani wanakimbizana na mafaili kama wenzao.

Kwahiyo TLS ndio wanamfukuza wakili kazi?

Hapa ndipo wengi wanapopotea, mtu anapanda basi mpaka makao makuu ya TLS anategemea wakili wake atafutwa siku hiyohiyo, anarudi amenuna. Kazi imegawanywa. Anayemwapisha wakili na kumpokea ni Jaji Mkuu, na orodha ya mawakili inatunzwa na Mahakama. TLS wanasimamia wanachama wao, mafunzo yao, ada zao, na malalamiko wanapokea pia, wanamwandikia wakili ajieleze, mara nyingi mambo madogo yanaishia hapo. Lakini mwenye rungu ni Kamati ya Mawakili, wengi wanaiita Kamati ya Maadili, ambayo ipo kwa Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Inaongozwa na Jaji wa Mahakama Kuu, ndani kuna upande wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kuna wakili anayetoka TLS. Hao ndio wanaweza kumpa onyo, kumsimamisha kwa muda au kuagiza jina lake lifutwe kabisa kwenye orodha. Wakili asiporidhika anakata rufaa Mahakama Kuu.

Majaji nao wana mamlaka ya kumsimamisha wakili akifanya madudu mbele yao, ila hiyo mteja huianzishi wewe.

Nitajuaje huyu ni wakili kweli na sio kishoka?

Swali zuri kuliko yote na ndio linaloulizwa wakati hela imeshaondoka.

Kwanza kabisa angalia mtandaoni, bure, kwa simu yako. Mahakama ina mfumo unaoitwa e-Wakili, unaandika jina lake au namba yake ya roli, yaani ile ya kwenye orodha ya mawakili, unaona yupo au hayupo na hali yake ikoje, yaani anaruhusiwa kufanya kazi sasahivi au hapana. Ukiona jina halipo, usimsikilize anapokwambia "mfumo unasumbua". Unaweza pia kuuliza kwa viongozi wa tawi la TLS wa mkoa wako, au makarani wa mahakama, hao wanawajua wote.

Pili ofisi. Kishoka hana ofisi, ana benchi. Anakusubiri nje ya mahakama, amevaa suti imekaa vizuri kuliko ya hakimu, anasema ofisi yake inafanyiwa ukarabati kwahiyo mkutane kwenye mgahawa. Wakili wa kweli ofisi unaikuta, iwe Goliondoi, Sokoine road au chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya umeme Moshi mjini, sio lazima iwe ya vioo.

Tatu angalia karatasi yenyewe. Sheria inamtaka aliyeandaa nyaraka aandike jina lake na anuani pale chini, ile sehemu ya "imeandaliwa na". Kuna mama mmoja wa Usa River alikuja na hati ya kiapo aliyolipia, tukaifungua mezani. Muhuri upo, wino wa bluu mzuri kabisa, lakini umeandikwa "wakili na kamishna wa kiapo" bila jina la mtu. Sehemu ya mahali kiapo kilipoapwa ipo wazi. Tarehe imeandikwa kwa kalamu nyingine juu ya tarehe iliyofutwa. Na chini pa aliyeandaa hamna kitu. Nikamuuliza mama uliapa mbele ya nani, akasema sikuapa popote, nilipewa tu nikasaini kwenye pikipiki. Karatasi ya hivyo hata kama kesi yako ni ya haki namna gani upande wa pili wataipiga pingamizi itaondolewa, na masjala makini wasingeipokea kabisa. Mihuri inachongwa kila kona jamani, muhuri peke yake sio ushahidi wa kitu chochote.

Na hili wengi hawalijui, wakili anayekusimamia kesi hatakiwi kuwa yeye mwenyewe kamishna wa viapo anayekuapisha kwenye kesi hiyohiyo. Unaenda kwa mwingine. Kwahiyo wakili wako akikwambia "nenda ofisi ya jirani ukaapie" hakusumbui, anafanya inavyotakiwa.

Kujifanya wakili wakati sio ni kosa la jinai, unaripoti polisi kama kosa lingine lolote. TLS au Kamati hawawezi kumwadhibu kishoka kama mwanachama maana sio wakili, ila TLS ukiwaambia wanalichukulia kwa uzito sana, kishoka anawaharibia soko.

Leseni ya wakili inaisha?

Ndio, kila mwaka tarehe 31 Desemba. Anahuisha, analipa ada, anatakiwa pia awe amehudhuria mafunzo endelevu. Januari ukiangalia ukakuta bado haijahuishwa usipaniki, muulize tu kistaarabu. Ila kama ni Juni na bado, hapo una haki ya kuwa na wasiwasi, kwasababu wakili asiye na leseni hai kisheria ni sawa na mtu asiye wakili na kazi anazokufanyia zinaweza kupingwa.

Mtoto wangu amemaliza sheria Makumira, kwanini hawezi kunisimamia kwenye kesi ya shamba?

Hongera kwanza. Ila digrii ya sheria haimfanyi wakili. Baada ya hapo anaenda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School) Dar, karibu mwaka, kuna darasani na kuna kupelekwa ofisini na mahakamani, akifaulu ndio anaomba kupokelewa, anaapishwa na Jaji Mkuu. Na pale hapapitiki kirahisi, mnakumbuka kelele za 2022 matokeo yalipotoka, wanafunzi 633 na waliofaulu moja kwa moja 26 tu, mpaka waziri akaunda kamati kuchunguza. Mimi kwa maoni yangu lawama zilikuwa zigawanywe kuanzia vyuoni, lakini hayo mengine.

Kwasasa mwanao anaweza kukusaidia kusoma nyaraka na kukuelewesha. Asisaini kitu kama wakili na asipokee hela ya mtu kwa kazi ya uwakili, atajiharibia kabla hajaanza.

Wakili anatakiwa anichaji bei gani?

Kuna Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015 yenye viwango, kesi za madai mara nyingi zinaenda kwa asilimia ya thamani ya kinachodaiwa, mikataba ina viwango vyake, na kadhalika. Ile pia ndio inatumika mshindi anapodai gharama kwa aliyeshindwa. Lakini wewe na wakili wako mnaweza kukubaliana, na hapo ndipo ninaposema makubaliano YAANDIKWE. Hata ukurasa mmoja.

Andikeni hivi vitu: kazi ni ipi, mfano kesi ya Baraza la Ardhi mpaka hukumu tu au na rufaa, kwasababu watu wengi wanadhani wamelipia mpaka Mahakama ya Rufani kumbe wamelipia hatua ya kwanza. Bei ni kiasi gani na inalipwa kwa awamu zipi. Ada za kufungulia mahakamani na nauli zimo humo au nje. Nani atasimama, yeye au junia wake. Hili la nauli linaleta ugomvi sana huku kwetu maana wakili wa Moshi akipewa kesi ya Same au ya Loliondo hiyo ni safari ya kweli.

Halafu risiti. Wakili ni mfanyabiashara mbele ya TRA kama wengine, dai risiti ya EFD. Ukituma kwa M-Pesa ya namba binafsi ya karani wake "kwasababu bosi yuko kikaoni" usije ukashangaa bosi anakwambia hajui kitu. Tuma kwa akaunti ya ofisi, hifadhi meseji.

Na kuna hela ambayo sio yake kabisa. Fidia uliyolipwa kesi ikaisha, au hela ya kununulia kiwanja aliyokushikia, hiyo inakaa kwenye akaunti ya wateja mbali na hela zake za ofisi. Wakili akianza kusema "nilitumia kidogo nitakurudishia" hilo sio deni la kirafiki, ni kosa zito la maadili, na linaweza likawa jinai pia.

Wakili wangu hapokei simu na kesi imefutwa, nifanye nini?

Pole. Usianze na kumtukana facebook, utajikuta wewe ndio unashtakiwa. Fuata hivi, na usiruke hatua.

Nenda mahakamani mwenyewe na namba ya kesi, uombe kuona mwenendo, yaani kumbukumbu za kesi. Wewe ni mhusika, ni haki yako. Hapo utajua ukweli, wakili hakufika mara ngapi, hakimu alisema nini, kesi imefutwa kwa sababu gani na lini. Hii tarehe ni muhimu kuliko hasira zako maana maombi ya kurudisha kesi iliyofutwa yana muda wake, na muda hausubiri malalamiko yako dhidi ya wakili yaishe. Watu wanakazana kumshughulikia wakili miezi na miezi kumbe kesi yenyewe ingeweza kurudishwa kama wangewahi. Okoa kesi kwanza, tafuta wakili mwingine hata wa ushauri tu.

Baadae ndio unamwandikia wakili barua, sio meseji. Unaeleza unachodai, unampa siku za kujibu, unapeleka ofisini kwake na nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa. Nimeona nyingi zikiishia hapa, akiona barua imeandikwa vizuri anajua inayofuata itaenda wapi.

Asipojibu, unapeleka malalamiko TLS au moja kwa moja Kamati ya Mawakili, ambayo sekretarieti yake ipo Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Malalamiko ya Kamati yanakuwa kwa maandishi na yanaambatana na hati ya kiapo. Weka ushahidi: makubaliano, risiti, meseji ulizoprinti, mwenendo wa kesi. Andika kilichotokea kwa mpangilio wa tarehe. Usiandike "ni mwizi mkubwa na familia yao yote wanajulikana Kibosho", haitakusaidia. Andika "tarehe fulani nilimpa kiasi fulani, risiti hii hapa, hakufungua kesi mpaka leo".

Kamati itamwita ajibu na mtasikilizwa wote wawili. Inachukua muda, sikufichi. Na kazi yake kubwa ni nidhamu, kwahiyo kama unachotaka hasa ni hela yako irudi, njia ya kesi ya madai dhidi ya wakili ipo wazi na unaweza kuifuata. Kama amekula hela uliyompa akushikie, polisi nao wapo.

Ila tuwe wakweli, kushindwa kesi peke yake sio kosa la wakili. Nusu ya wanaonijia wameshindwa kwasababu hawakuwa na ushahidi, wakili alifanya alichoweza. Kamati haikai kuangalia hukumu ilikuwa sawa au hapana, hiyo ni kazi ya rufaa.

Naweza kumbadilisha wakili katikati ya kesi?

Ndio, muda wowote. Wakili mpya anaijulisha mahakama kwa maandishi. Ugumu ni faili, kama unadaiwa wa zamani anaweza kuling'ang'ania mpaka umlipe, kwahiyo malizaneni. Kama hakudai kitu na bado analificha, hilo nalo ni la kulalamikia.

Kuna ofisi ya East Africa Law Society hapa Arusha, si nipeleke malalamiko pale karibu?

Hapana mama. Wale ni umoja wa vyama vya mawakili vya Afrika Mashariki, hawashughulikii nidhamu ya wakili wako wa Ngarenaro. Vivyo hivyo Mahakama ya Afrika Mashariki na ile Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, zote zipo mjini kwetu lakini sio za kwenda kumshtaki wakili aliyechelewa. Najua inachanganya, mji umejaa mabango ya mahakama kuliko mabango ya nyama choma.

Wakili wa Nairobi anaweza kunisimamia Arusha?

Kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki ndio, wakili anayeruhusiwa kwenye mahakama za juu za nchi yoyote mwanachama anasimama pale. Kwenye Mahakama Kuu Arusha leseni ya Kenya peke yake haitoshi.

Mahakama ya Mwanzo wakili anaruhusiwa?

Zamani hapana kabisa. Marekebisho ya 2021 yakaruhusu pale ambapo mahakama inaendeshwa na hakimu mkazi. Kwahiyo ukifika uliza kwanza hakimu ni wa ngazi gani kabla hujalipa mtu. Na kwa kesi nyingi za pale, madai madogomadogo, unaweza kujieleza mwenyewe na ukaeleweka vizuri tu.

Sina hela ya wakili kabisa.

Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ndio inayotutambua sisi wasaidizi wa kisheria na mashirika yanayotoa huduma bure. Sisi tunashauri, tunakuandalia maelezo, tunakuelekeza, tunasuluhisha. Hatusimami mahakamani na hatutozi hela. Akikutoza huyo sio mwenzetu. Moshi kuna shirika la KWIECO, wanasaidia sana wanawake kwenye mirathi na ndoa. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia ilizinduliwa 2023 ikawa inazunguka mikoani, na mwishoni mwa Januari kwenye Wiki ya Sheria mawakili wanakaa kwenye mabanda wanashauri bure, nenda na makaratasi yako yote usiende kupiga story. Kesi ya mauaji mshtakiwa asiye na uwezo anapangiwa wakili kwa gharama za serikali, hata kesi nyingine za jinai hakimu akiona haki inahitaji anaweza kuelekeza upate msaada.

Nauziwa shamba, muuzaji anasema tutumie wakili wake, sawa?

Inafanyika kila siku na mara nyingi hakuna kinachoharibika, ila wakili huyo anayemlipa ni yeye. Kama ni kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga, mimi nasema tafuta wako hata kwa kazi ndogo ya kusoma mkataba tu, maana kihamba hakina mwenyewe mmoja, kuna mashangazi, kuna mdogo wa mwisho yupo Dar, kuna mjane ambaye hajaulizwa. Wakili wa muuzaji hana sababu ya kukuuliza hayo. Wako atauliza kwanini mke wa muuzaji hajasaini. Na wakili mmoja hawezi kutetea pande mbili zikigombana, Kanuni za Maadili za 2018 zinakataza mgongano wa maslahi, siku ugomvi ukianza anatakiwa ajitoe na wewe unaanza upya.

Wakili kaniomba "ya hakimu" pembeni.

Usitoe. Mara nyingi hakimu mwenyewe hata hajui, jina lake linatumika tu. Piga TAKUKURU 113, ni bure. Na ukitoa ujue na wewe umetenda kosa, hutakuwa na pa kulalamikia ukishindwa.

Malalamiko lazima yawe kwa kiingereza?

Hapana. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, andika Kiswahili chako cha kawaida. Bora Kiswahili kinachoeleweka kuliko kiingereza cha kukopi kwa stationari ambacho hata wewe ukiulizwa umeandika nini hujui.

Na hakimu mwenyewe akizingua?

Huyo sio wa TLS wala Kamati ya Mawakili. Kuna kamati za maadili ya maafisa wa mahakama, ya mkoa inaongozwa na Mkuu wa Mkoa na ya wilaya inaongozwa na Mkuu wa Wilaya, na juu yao ipo Tume ya Utumishi wa Mahakama. Ila kama shida ni hukumu hujaipenda, hiyo ni rufaa, na siku za rufaa zinaanza kuhesabiwa tangu hukumu inaposomwa, kwahiyo omba nakala ya hukumu kwa barua siku hiyohiyo kabla hujatoka getini.